Kufuli la Pengo

Saa sita ya usiku, na jua lingali dirishani Rovaniemi,
limekaa juu ya ghala la mbao kama mgeni asiyejua kuaga.
Simu inalia. Ni Niillas, yuko zizini, kaskazini ya Inari;
nyuma yake mbwa, mbu, na ndama wa kulungu wakiita mama zao.
"Daftari lako limekataa," asema. "Nimebana hereni sikioni,
nimeandika namba, nimebonyeza. Kigurudumu kinazunguka tu.
Ndama ninaye kati ya magoti. Nimwachie au nimshike?"

Mshike, nikasema. Kana kwamba ningejua.

Nikafungua hifadhidata, nikatazama foleni:
maombi arobaini na moja yamesimama, kila moja na ndama wake,
yote yakingoja muamala mmoja
uliofunguliwa saa tatu kasorobo na haujafungwa.
Haukuandika kitu. Haukufuta kitu.
Uliuliza tu.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofunzwa.
Lakini huu uliuliza huku umeshika ufunguo:
nionyeshe namba 7314, na asiguswe na mtu mpaka nimalize.
Jibu: hayupo.

Hapo nilikuna kichwa.
Asiyekuwepo hufungwaje?
Nikapekua mwongozo, kahawa ikapoa,
nikakuta kwa herufi ndogo jambo ambalo miaka kumi na miwili
haikuwa imenifunza:
mashine ikikosa kitu cha kufunga, hufunga mahali pake.
Toka 7302, aliye hai kabla yake,
hadi 7390, aliye hai baada yake,
uwazi wote ule usio na pembe wala kwato
umetiwa kufuli.
Na humo humo, kwa kuwa namba za waliokufa hurithiwa na wachanga,
ndama wa Niillas walikuwa wamepangiwa.

Halafu nikaona la pili.
Muamala mwingine, wa Utsjoki, swali lile lile, namba ile ile,
dakika sita baadaye, nao umeushika uwazi ule ule.
Wala haukuzuiwa.
Sheria ndivyo ilivyo: wawili, hata kumi, waweza kulinda pengo moja
bega kwa bega, wasigombane.
Anayerudishwa mlangoni
ni yule anayeleta kitu cha kulijaza.

Risten. Juhán. Nilisoma jina la dada, nikalijua la kaka kabla ya kulisoma.
Baba yao tulimzika Aprili, ardhi ikiwa ngumu kama chuma.
7314 alikuwa dume wake wa kuvuta kigari cha theluji,
yule mwenye pembe moja iliyopinda. Lori la magogo lilimgonga wiki iliyofuata.
Mimi ndiye niliyemfuta daftarini, Jumatatu,
kabla hata sijavua koti.

Amri ya kuua muamala ninayo. Herufi chache.
Nikazichapa, sikubonyeza. Nikampigia Risten.
"Sikubadili kitu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesinzia mezani.
"Nilitaka kuona kama bado yumo."
Najua. Lifunge hilo dirisha, Risten. Ndama wanangoja.
Kimya kirefu. Kisha mibofyo miwili.
Juhán hakupokea simu; wake niliukata mwenyewe.

Foleni ikaachia kama barafu ya mto mwezi wa Mei,
7303, 7304, 7305,
na Niillas akiwatukana mbu kwa lugha mbili.

Asubuhi niliandika ripoti. Chanzo: kufuli juu ya mstari usiokuwepo.
Tiba: usishike usichokusudia kubadili,
na usiache muamala wazi ukaenda kulala.
Mkuu akatia saini bila kuvaa miwani.
Sikuandika kwamba nilipitia orodha mara mbili:
7312, 7313, 7315.
Hereni hutoka kiwandani zimefuatana, hairuki hata moja.
Iko moja mfukoni mwa Niillas.
Sikumuuliza.